Kanga, Mwiko na Ugali

Mama anasonga ugali. Kiunoni kajifunga kanga, mkononi kashika mwiko, mbele yake sufuria inatokota. Hakuna mwenye akili zake atakayevichanganya vitu hivyo vitatu: kimoja huvaliwa, kimoja hutumiwa, kimoja huliwa. Lakini mwite mkemia, mpe asidi na muda wa kutosha, umwombe avivunjevunje vyote hadi vipande vidogo kabisa. Katika kila bakuli atakukutia sukari, na sukari yenyewe ni ya aina moja: glukosi, ileile anayotundikiwa mgonjwa kwenye dripu. Kanga ya pamba (nasema pamba, si hizi zinazoteleza na kufukuta joto kama koti la mvua) ni glukosi karibu yote. Mti wa mwiko ni glukosi karibu nusu. Punje ya mahindi ni glukosi kiasi cha sehemu saba katika kumi.

Hata hivyo, mwenye njaa akitafuna kanga atakufa njaa na kanga tumboni.

Kwa nini sukari ileile ishibishe hapa na isishibishe pale? Nitalitumia swali hilo kupitia habari nzima ya molekuli zinazojenga viumbe na vyakula vyao, kwa sababu njia tuliyofundishwa shuleni hailijibu. Sisi tulikaririshwa vikapu vitatu: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kulinda mwili. Kwa mtoto wa darasa la tatu vinatosha. Kwa mtu mzima anayenunua unga, anayelisha mtoto na kulima shamba, vikapu hivyo vinaficha mengi, maana vinauliza tu ndani ya chakula mna nini. Wala havigusi swali la pili ambalo ndilo zito: kilichomo kimefungwaje, na ni nani mwenye ufunguo wa kukifungua?

Anayefunga ni kaboni. Ndiyo hiyo iliyomo kwenye mkaa na kwenye masizi yaliyoganda chini ya sufuria. Sifa yake kubwa ni kwamba kila atomu yake ina mikono minne, na haichagui sana wa kushikana naye: haidrojeni, oksijeni, naitrojeni, na zaidi ya yote kaboni nyenzake. Kwa mikono hiyo hujenga minyororo, pete na matawi yasiyo na idadi. Ukiupima mwili wa mtu kwa uzito, oksijeni ni asilimia 65 hivi kwa sababu ya maji yaliyotujaa, kaboni 18, haidrojeni 10, naitrojeni 3. Ondoa maji na chumvichumvi, na karibu yote yatakayobaki ni ya koo nne: sukari na wanga, mafuta, protini, na asidi nukleiki.

Koo hizo nne hazifanani sura wala kazi, ila zina mila moja ya kuoana. Vipande viwili vinapounganishwa, kila kimoja huacha kitu, na vilivyoachwa vinakutana na kuwa molekuli moja ya maji. Ukitaka kuvitenganisha, rudisha maji yaleyale. Mmeng'enyo wote wa chakula, toka mdomoni hadi utumbo mdogo, ni kazi hiyo ya kurudisha maji kwenye mafundo. Tatizo ni kwamba maji peke yake ni mavivu mno. Fundo la protini likiachwa katika maji matupu linaweza kukaa mamia ya miaka bila kufunguka, na hakuna wa kungoja chakula cha mchana kwa muda huo. Kwa hiyo viumbe hutengeneza vimeng'enya, na kila kimeng'enya kina fundo lake. Mwaka 1894 mkemia Mjerumani Emil Fischer alivifananisha na ufunguo na kufuli, na mpaka leo sijaona mfano uliouzidi.

Turudi kwenye kanga. Katika wanga, glukosi zimepangwa zote zikiangalia upande mmoja, na mnyororo wake unajipinda kama chemchemi ya kalamu. Katika selulosi ya pamba na mti, kila glukosi ya pili imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Ni tofauti ndogo hiyo tu. Lakini minyororo ya selulosi kwa ajili hiyo inanyooka, inalala sambamba, inashikana ubavu kwa ubavu na kuwa kamba. Mate yetu na kongosho letu vina ufunguo wa fundo la kwanza. La pili hatuna. Ng'ombe naye hana, tusimsifu bure: tumboni mwake amepangisha vijidudu vyenye ufunguo huo, navyo vinamlipa kodi kwa kummeng'enyea mabua. Ndiyo sababu kwenye shamba moja la mahindi mtoto anachukua punje, ng'ombe anachukua bua, na hakuna ugomvi.

Wanga wenyewe, kabla ya kupikwa, umefungashwa ndani ya chembechembe ngumu. Unga ukikorogwa na maji baridi unatuama chini. Maji yakichemka, chembe zinafyonza, zinavimba, zinapasuka na kumwaga minyororo yake, na hapo mkono wa msongaji unaanza kuhisi uzito. Ugali ukipoa, baadhi ya minyororo hujipanga upya na kukaza. Ndiyo maana kiporo ni kigumu, na sehemu ya wanga wake huupita utumbo mdogo bila kufunguliwa.

Tabia hiyo ya kuvimba ina madhara yake kwa mtoto mchanga, nami naona haizungumzwi inavyostahili. Mama anataka uji uwe na nguvu, anaongeza unga. Uji unakuwa mzito, mtoto anautema. Mama anaongeza maji. Uji unanyweka, ila kitumbo kile kinajaa maji kabla hakijapata chakula. Mtoto analala ameshiba na amekondeana. Dawa yake ilikuwa vijijini siku zote, mikononi mwa wapika pombe. Chukua ulezi, uloweke, uache uchipue, uanike, uusage: hicho ndicho kimea. Punje inayochipua hutengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga wake ili iulishe mche. Uji mzito ukishaepuliwa na kupoa kiasi cha kuvumilika mdomoni, tia kijiko kimoja cha kimea ukoroge. Kwanza hakuna kitu. Dakika chache baadaye mwiko uliokuwa unasimama wenyewe unaanza kulala, na uji unamiminika kama chai ya maziwa bila kuongezwa tone la maji. Glukosi zote zimo mlemle. Kilichokatwa ni minyororo iliyokuwa inashikilia maji. Miaka ya 1980 wataalamu wa lishe Tanzania walihimiza sana unga huo. Leo unauliza kimea dukani, muuzaji anakuonyesha kopo la maziwa ya unga.

Kimeng'enya cha mate ni ndugu wa hicho cha kimea. Tafuna tonge la wali mkavu kwa dakika nzima bila kumeza, utaonja utamu ukijitokeza. Wala hatuko sawa katika ufunguo huu. Jeni inayoutengeneza iko kwa nakala mbili kwa watu wengine na zaidi ya kumi kwa wengine. Mwaka 2007 watafiti walilinganisha jamii zinazokula wanga mwingi na zile zinazokula mchache, na majirani wawili wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi waliangukia makundi tofauti. Wahadzabe, wachimbaji wa mizizi, walihesabiwa miongoni mwa walaji wanga pamoja na Wajapani. Wadatoga, wafugaji wa hapohapo, waliwekwa upande wa pili pamoja na Wambuti wa msitu wa Kongo. Kwa wastani kundi la wanga lilikuwa na nakala nyingi zaidi. Vumbi wanalokanyaga ni lilelile. Ila chungu cha babu kimeandikwa katika mate ya mjukuu.

Wanga ni ushanga wa rangi moja uliotungwa mara maelfu. Protini ni ushanga wa rangi 20, na mpangilio wa rangi ndio kila kitu. Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1838 na Mholanzi Gerardus Mulder, kwa ushauri wa Berzelius wa Sweden, kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya kitu cha mbele, cha kwanza. Jina hilo limeifanya protini ipewe heshima ya mzee wa kikao hata pale isipostahili. Tutaliona hilo mbele.

Shanga hizo ni asidi amino, na kila moja imebeba naitrojeni, kitu ambacho wanga na mafuta ya kupikia hayana. Mkulima anaijua naitrojeni hata kama hajawahi kuisikia kwa jina hilo: ndiyo iliyo katika mfuko wa urea anaonunua kwa ajili ya kukuzia mahindi, asilimia 46 ya uzito wake. Urea hiyo ndiyo iliyomo pia katika mkojo wetu, kwa sababu ndivyo mwili unavyotupa naitrojeni ya protini iliyochakaa. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler aliitengeneza maabara huko Berlin bila msaada wa figo ya mtu wala ya mnyama. Wengi wakati ule waliamini kwamba vitu vya viumbe hai huhitaji nguvu fulani ya uhai ili viwepo. Imani ile haikufa siku hiyo, kama vitabu vingi vinavyopenda kusimulia, ila tangu hapo ilianza kuchechemea.

Katika zile rangi 20, tisa mwili wa mtu hauwezi kuzitengeneza, lazima ziliwe. Na utungaji wa protini hauna subira. Ikikosekana rangi moja, kazi inasimama hata kama nyingine zimefurika, na zile zilizobaki zinachomwa kama kuni na kuishia chooni kwa umbo la urea. Mahindi yana protini, kama asilimia 9 hivi, si haba. Lakini yamepungukiwa lisini na triptofani. Maharage yana protini zaidi ya maradufu ya hiyo na lisini tele, ila ni maskini wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Kwa hiyo makande ni hesabu iliyokamilika: kila mmoja anamlipia mwenzake deni. Na jozi hiyo imeanzia shambani kabla ya kufika chunguni, kwa kuwa mizizi ya maharage ina vinundu vya bakteria wanaoinasa naitrojeni ya hewani. Mwanamke aliyepanda maharage katikati ya mistari ya mahindi hakuhitaji mkemia kumwambia lolote. Wala si lazima viliwe sahani moja. Ugali wa mchana na maharage ya jioni vinakutana mwilini vizuri tu.

Hapa nina neno na unga wa lishe. Soma orodha iliyoandikwa kwenye mfuko wowote sokoni: mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele, ulezi, halafu soya kidogo mwishoni. Mnunuzi anahesabu nafaka sita na kuona amepata lishe mara sita. Lakini nafaka zote ni ukoo mmoja, na upungufu wa ukoo huo ni uleule, lisini. Kuzikusanya sita ni kama kumwomba mkopo mtu aliyefilisika, akikunyima unamwendea kaka yake, kisha mjomba wake. Kinachobeba mfuko ule ni soya, ambayo ndiyo ghali na ndiyo kidogo. Mama anayechanganya unga wa mahindi matupu na maharage yaliyosagwa, au na dagaa waliopondwa, anamshinda mwenye mfuko wa nafaka sita, tena kwa bei ndogo.

Wanasayansi walijaribu kulimaliza deni hilo ndani ya punje yenyewe. Mwaka 1964 Edwin Mertz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza kwamba aina moja ya mahindi yenye punje za chokaachokaa ilikuwa na lisini nyingi kuliko kawaida. Furaha ilikuwa kubwa na fupi: punje zilikuwa laini, wadudu walizipenda, mavuno yalikuwa madogo. Surinder Vasal na Evangelina Villegas walifanya kazi miaka mingi nchini Mexico kuikaza punje bila kupoteza lisini, wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Tanzania nayo ilitoa mbegu zake za namna hiyo, zilizoitwa Lishe. Hazikutamba, na sababu si ngumu kuiona. Lisini haionekani kwa macho wala haionjeki, na sifa yenyewe hujificha pindi chavua ya shamba la jirani inapovuka mpaka. Mkulima hawezi kulinda kitu asichoweza kukiona, kwenye upepo asioweza kuuzuia.

Nilisema jina la protini liliipa heshima ya ziada. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi: miguu kuvimba, ngozi kubabuka, nywele kufifia rangi. Miaka miwili baadaye alichapisha jina walilolitumia akina mama wenyewe kwa lugha ya Ga: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi na mdogo wake. Sisi tukalitamka kwashakoo. Madaktari waliona hapo ukosefu wa protini, na kwa miongo miwili au mitatu mashirika ya dunia yalishikilia kwamba njaa ya nchi maskini ni njaa ya protini. Ikatafutwa protini kwenye samaki waliosagwa, kwenye mwani, hata kwenye vijidudu vilivyokuzwa kwa mafuta ya petroli. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba yote yale yalikuwa kichekesho kikubwa. Kwa watoto wengi tatizo la kwanza ni chakula chenyewe kuwa kidogo, na mwili wenye njaa huichoma hata protini kama kuni. Na mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa mapacha wa Malawi waliokula chungu kimoja, mmoja akavimba mwingine asivimbe. Tofauti ilionekana kwenye vijidudu vya utumboni. Kikapu cha "kujenga mwili" hakina nafasi ya habari kama hiyo.

Ushanga wa protini haukai umenyooka. Unajikunja, na mkunjo ndio unaofanya kazi. Moto huukunjua bila kukata mafundo, kama yai jeupe linavyoganda. Maharage mabichi yana protini moja inayoshambulia utumbo. Yakichemka sawasawa inakunjuka na sumu imekwisha, ingawa hakuna shanga hata moja iliyopotea. Yakipashwa moto wa kinafiki, anayeyala atajuta usiku kucha.

Lakini mahali ambapo koo hizi zinakutana kwa namna ya kutisha ni kwenye muhogo. Muhogo mchungu hujilinda kwa molekuli inayoitwa linamarini: glukosi moja iliyofungwa pamoja na kipande kilichobeba sianidi. Likiwa limefungwa fundo hilo, sianidi imetulia. Ufunguo wake upo ndani ya mmea uleule, ila umewekwa chumba kingine. Panya akiuma, kuta zinabomoka, ufunguo unakutana na kufuli, glukosi inaachiwa na sianidi inatoka. Wanawake wanaovundika muhogo, wanaoutwanga, wanaoanika kivunde au udaga kwa siku kadhaa, wanafanya alichofanya panya, kwa makusudi na kwa utaratibu: wanabomoa kuta, wanakipa kimeng'enya muda, wanaiachia sumu ipotelee hewani na majini. Kukata makopa na kuyaanika tu hakufikii hapo, kwa sababu mengi ya mafundo hubaki kama yalivyo huku ukavu ukikisimamisha kimeng'enya.

Ukame ukija, siku za kuloweka zinapunguzwa. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa wa Kwango, Kongo, uliojulikana kwa Kiyaka kama konzo, miguu iliyofungwa. Mtu, mara nyingi mtoto au mama aliye katika umri wa kuzaa, analala mzima na kuamka miguu imekakamaa, naye hatatembea sawasawa tena maisha yake yote. Mwaka 1981 ulizuka Nampula, Msumbiji, kwa zaidi ya watu elfu moja, na katikati ya miaka ya 1980 ukaonekana Tarime, mkoani Mara. Wagonjwa walikuwa na mambo mawili kwa pamoja: muhogo usioandaliwa vya kutosha na kitoweo hakipo. Mwili unajua kuiua sianidi, ila silaha yake ni salfa, na salfa hiyo huipata katika shanga mbili za protini, methionini na sisteini. Anayekula muhogo na samaki anapona. Anayekula muhogo na chumvi, siku baada ya siku, silaha inamwishia. Uliza shuleni muhogo uko kikapu gani, utaambiwa "kutia nguvu".

Dawa iliyopatikana ni rahisi hadi inatia haya. Howard Bradbury wa Australia alionyesha kwamba unga wa muhogo ukilowekwa maji, ukatandazwa tabaka jembamba kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini kabla ya kupikwa, kimeng'enya kilichosalia humalizia kazi. Tangu 2010 vijiji vya Popokabaka, Kongo, vilifundishwa hivyo. Ni unga uleule na ufunguo uleule. Kilichoongezwa ni maji na saa chache.

Mafuta nitayapita haraka, ila si kabla ya kusimama kidogo kwenye nazi. Chupa ya mafuta ya nazi iliyotoka Tanga ikimiminika, ukiipeleka Njombe inakuwa nta nyeupe na kijiko hakiingii. Mstari ni nyuzi joto 24 hivi. Chevreul, Mfaransa aliyeanza kwa kuchunguza sabuni, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1823 kwamba mafuta ni gliseroli iliyoshikana na asidi mafuta. Leo tunajua kwamba kila gliseroli hubeba mikia mitatu. Mtengeneza sabuni wa mtaani anayekoroga mafuta na kostiki anayafungua mafundo hayohayo. Mikia ya nazi imenyooka, inalala pamoja kama kuni zilizopangwa, kwa hiyo inaganda upesi. Mikia ya alizeti ya Singida imepinda palipo na mikono ya kaboni iliyoshikana mara mbili, haipangiki, na mafuta hubaki maji hata Njombe. Viwanda vilijifunza kuinyoosha mikia iliyopinda kwa haidrojeni ili kupata mafuta ya mgando ya bei nafuu, na kazi ikiachwa nusu huzaa mikia yenye umbo lisilo la kawaida, yenye kudhuru moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaka mafuta hayo yaondolewe kabisa kwenye vyakula vya viwandani ifikapo 2023.

Na tui? Ukikuna nazi kwenye mbuzi, ukaikamua kwenye kifumbu, kasimile inayotoka ni matone ya mafuta yaliyozungukwa na protini inayoyazuia yasishikane. Ndiyo maana mpishi wa pwani humwambia binti yake asiache kukoroga, na kasimile aitie mwisho, moto mdogo. Moto ukizidi, protini inakunjuka, matone yanaungana, tui linakatika: mafuta juu, maji chini, na mgeni ameshafika.

Kuhusu akiba ni hesabu tu: gramu ya mafuta hutoa kilokalori 9, ya wanga au protini 4, tena mafuta huhifadhiwa bila kubeba maji. Ini la mfungaji wa Ramadhani lina glukosi ya akiba kama gramu 100, hazitoshi hata siku nzima. Kinachombeba kadiri saa zinavyosogea ni mafuta.

Umebaki ukoo wa nne, ambao haumo katika kikapu chochote. Mwaka 1869 kijana wa Uswisi, Friedrich Miescher, alikuwa akikusanya bandeji zenye usaha kutoka hospitali ya Tübingen, Ujerumani, na kuziosha katika maabara iliyokuwa zamani jiko la ngome. Ndani ya viini vya chembe za usaha alikuta kitu chenye fosforasi, kisichofanana na protini. Ndicho tunachokiita DNA. Nayo ni ushanga, wa rangi nne, na uzi wake umejengwa kwa sukari. Tunaila kila siku bila kujua: dagaa na maini vimejaa viini. Haitubadilishi chochote, maana utumbo unaikata kama ukatavyo vingine, ila vipande vyake viwili kati ya vinne huishia kuwa asidi ya yuriki, na hiyo ikizidi hujikusanya kama sindano kwenye kidole gumba cha mguu. Mzee wa nyama choma na bia akiamka usiku na jongo, shuka tu likimgusa anapiga kelele, anaumwa na ukoo wa nne.

DNA ndiyo inayoandika funguo zote nilizozitaja, na maandishi yake huhaririwa na chakula. Maziwa yana sukari yake, laktosi, na kila mtoto huzaliwa na ufunguo wake. Kwa watu wengi duniani ufunguo huo hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Wakinywa maziwa mabichi ukubwani, tumbo linanguruma. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, kutoka makabila 43. Waligundua kwamba wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya wana badiliko la herufi moja linaloacha jeni hiyo ikifanya kazi maisha yote, na si lile walilonalo Wazungu. Ni badiliko jingine, lililotokea huku kivyake, likaenea kwa maelfu machache ya miaka, yamkini kwa sababu waliokunywa maziwa wakati wa ukame walizika watoto wachache.

Asiye na badiliko hilo naye hakuachwa nje. Maziwa yanamiminwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, yanafunikwa, yanaachwa siku mbili au tatu. Bakteria waliobaki kwenye kuta za kibuyu wana funguo zao wenyewe, wanaikata laktosi na kuigeuza asidi. Mgeni aliyeharisha kwa kikombe cha maziwa mabichi anapewa mtindi wa ng'ombe yuleyule, anakunywa, anaomba kikombe cha pili.